Jina la Anayekungoja

Vijana wangu wa boti, siku mliyoniaga pale ufukweni mwa ziwa, Baraka, mliniomba hotuba, nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua. Hotuba za kustaafu nimezisikia nyingi, zote zinaanza na vyeo na kuishia na soda ya moto. Niliona afadhali niketi hapa barazani kwangu, mke wangu Sifa akitwanga sombe, majani ya muhogo, pembeni na kuniuliza kila mara naandika nini, niwaachie kitu mtakachoweza kukitumia.

Mmoja wenu aliniuliza imeandikwa wapi, katika sheria gani ya jeshi la majini, kwamba moteri haiwashwi mpaka kila mtu ndani ya boti ataje jina la anayemngoja nchi kavu. Mnajua tunavyofanya. Mshika usukani anauliza, "Nani anakungoja?" Unataja jina kwa sauti, yeye anaenda kwa mwingine, na wote wakimaliza ndipo kamba ya moteri inavutwa. Wakubwa wanaotoka mbali wakituona hushangaa. Kuna mmoja alidhani ni sala, akavua kofia na kusema amina. Basi nawaambia: haikuandikwa popote. Ilitoka katika kichwa cha mtu mmoja, Papa Etabo, aliyenifundisha kazi hii. Na sheria hiyo hiyo karibu imuue.

Mimi ni mtu wa Lubondja, hapa hapa Fizi. Kwetu ni muhogo na vilima, na maji ninayoyajua ya utotoni ni ya mto, ya kufika magotini. Vita ilipita kijijini ikanichukulia wote, nikashuka Baraka na shati nililovaa. Niliingia jeshini kwa sababu kulikuwa na chakula. Nikawekwa marine, yaani jeshi la majini, kwa sababu aliyetupanga, akisikia unatoka Fizi, aliamini umezaliwa unaogelea. Sikumsahihisha. Mtu mwenye njaa hasahihishi wakubwa.

Nilipelekwa kwa Papa Etabo asubuhi, nikamkuta ameketi juu ya bidoni, dumu la petroli, binti yake Riziki kati ya magoti, anamsuka nywele. Ndiyo, anamsuka. Askari wa marine, mfupi, kitambi mbele, viatu vya jeshi vimening'inia shingoni kwa kamba zake. Wauza ndakala, dagaa wetu wa ziwani, walikuwa wakipita na kumcheka: "Eee, Papa Etabo, umefungua saluni?" Yeye hakuinua hata kichwa. "Mutu mwenye anajua kufunga kamba ya boti," aliwajibu, "nywele ya mutoto itamushinda juu ya nini?" Kisha akanitazama, akaniambia nikae chini, niangalie vidole. Mafundo yangu ya kwanza nilijifunza kwenye kichwa cha Riziki, naye alilalamika kila nilipokosea, na alikuwa na haki.

Viatu shingoni vilikuwa na sababu. Papa Etabo hakuvaa kiatu ndani ya boti hata siku moja. Alisema moteri inaongea kwa miguu kabla ya kuongea kwa masikio, na kiatu ni kiziwi. Jaribuni. Elisi inayosukuma maji ikishika nyavu au buji moja ya kuwasha cheche ikianza kuchoka, utasikia mtetemo kwenye unyayo mapema, wakati bado unaweza kurudi. Esanse nayo, petroli ya moteri, msiimimine hadi tone la mwisho. Acheni bidoni itulie, maji yakae chini, mpitishe esanse katika kipande cha kitenge kilichofuliwa mara nyingi, na ile ya chini kabisa muiache. Sisi tulitumia vitenge vya mke wake, Mama Feza, na mara moja tulichukua kimoja ambacho hakikuwa kimechakaa. Hatukurudia.

Siku hiyo ya kwanza tulikuwa tunavuka kwenda Ubwari, ng'ambo ya ghuba, na mbao za kujengea kituo. Nilipanda nikashika ukingo kwa mikono yote miwili ilhali boti bado imelala mchangani. Papa Etabo akasimama nyuma, mkono juu ya moteri, akaanza kuuliza. Wa kwanza akasema, "Mama Asende." Wa pili akasema ni mama yake mzazi. Papa Etabo akajiuliza mwenyewe na kujijibu: "Feza!" Hapo nilishangaa. Huku kwetu mwanaume hataji jina la mke wake mbele ya wanaume wenzake, ni mama fulani au mama ya batoto. Yeye alilitaja wazi, akitazama nyumba zilipo, kama anayemwita.

Kisha akanifikia. "We kijana, nani anakungoja?"

"Sina mutu, Shefu."

"Hakuna mutu hana mutu. Baba?"

"Alikufa."

"Mama?"

"Alikufa pia."

"Shangazi? Mujomba? Hata jirani mwenye alikuwa anakufukuza kwa muhogo wake?"

Nikatikisa kichwa. Akaondoa mkono kwenye moteri. "Basi hauendi," akasema, bila hasira. Ningepaswa kufurahi, maana ziwa lilikuwa linanitisha. Lakini nilipokuwa nashuka, macho ya wote yakiwa mgongoni, niliona aibu na uchungu kiasi kwamba nilitamani mchanga unimeze. Kuwa yatima ni jambo moja. Kuambiwa ushuke kwa sababu ya uyatima ni jingine.

Boti haikuondoka. Papa Etabo naye alishuka, akapanda kuelekea nyumba, akarudi na mwanamke mrefu kumzidi, unga wa muhogo umemfika kwenye viwiko. Ndiye Mama Feza. "Huyu kijana hana mutu wa kumungoja," akamwambia.

Mama Feza alinikagua toka juu mpaka chini. "Anakula?" akauliza.

"Anakula sana," Papa Etabo akajibu, na alikuwa hajawahi kuniona nikitia kitu mdomoni.

"Basi nitamungoja. Lakini akichelewa, chakula kitapoa, na mi sipashi chakula moto mara mbili." Kisha akanigeukia. "We unaitwa nani?"

"Alimasi."

"Mi ni Feza. Useme kwa nguvu basikie."

Nikapanda tena. Nilipoulizwa nikasema, "Feza," na sauti ikakatika katikati. Wenzangu walitazama maji kwa heshima. Tangu vita sikuwa nimetaja jina la mtu aliye hai kuwa ni wangu, na sikujua kwamba kutaja tu kunaweza kumfanya mtu mzima alie. Nililia mpaka katikati ya ghuba. Nikasingizia maji yaliyokuwa yanaturukia, na hakuna aliyenibishia.

Wakati wa kurudi niliiona nusu ya pili ya desturi. Tulipokunja kuingia ghuba, Papa Etabo alipunguza moteri, akapiga kelele, "Feza!" Kutoka nchi kavu ikajibu sauti ya kifuniko cha sufuria kikigongwa na mwiko. Mama Feza alikuwa amesimama kwenye maji, kitenge kimefungwa juu ya magoti, anagonga. Papa Etabo akaniambia, "Na we uite." Nikaita. Kifuniko kikalia mara ya pili. Tangu siku hiyo niliogopa ziwa kidogo tu, kiasi kinachofaa.

Sababu ya sheria yake alinieleza baadaye sana, tukiwa tunasugua buji kwa brashi ya waya. Katika ujana wake, alipokuwa akifanya kazi upande wa Kalemie, mwenzao mmoja alichukuliwa na wimbi. Hawakumpata. Walibaki na viatu vyake. Wakaagizwa kupeleka habari nyumbani kwa marehemu, na hapo ndipo walipotambua kwamba hakuna hata mmoja anayejua kwao ni wapi. Walikuwa wamekula naye sahani moja, wanajua anavyokoroma, lakini mlango wake hawaujui. Wakazunguka na viatu ndani ya gunia, bandari hadi bandari, wakiuliza. Mwishoni viatu vilikaa ghalani mpaka panya wakala kamba zake. "Nikajiambia," Papa Etabo alisema, "mutu hatapanda boti yangu kama sijui nitabisha kwa mulango gani." Akapuliza buji, akaitazama kwenye mwanga. "Na kitu ingine. Mutu akishataja jina, mukono yake yenyewe inapunguza mwendo."

Mtaniuliza siku gani ilikuwa ngumu kuliko zote. Mnadhani nitasema risasi. Risasi zilikuwepo, na sina hamu ya kuzisimulia. Siku ngumu ilikuwa ya boti ya sokoni iliyotoka Kazimia, imejaa watu, magunia ya muhogo na mbuzi, upepo wa kusini ukaikamata karibu na Ubwari, moteri imezima. Tulipoikaribia, watu wote waliinuka kutukimbilia, na boti ikalala upande mmoja kiasi kwamba maji yakaanza kuingia. Mimi nilikuwa tayari na kamba. Papa Etabo akanizuia, akaturudisha nyuma kidogo. Nilidhani amepata wazimu. Akasimama, mikono kinywani, akamwita mama mmoja aliyekuwa mbele kabisa: "We mama! Nani anakungoja kule nyumbani?"

Mama akaduwaa. "Nini?"

"Jina! Nani anakungoja?"

"Batoto yangu... Neema na Amisi!"

"Kaa chini juu ya Neema na Amisi, kwa ajili yao. We baba mwenye kofia, nani anakungoja?"

Aliwauliza mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetaja jina alikaa. Sijui kwa nini. Labda mtu hawezi kutaja jina la mtoto wake na kuruka kwa wakati mmoja. Boti ikanyooka, tukaingia kwa upande usio na upepo, nikafunga fundo nililojifunza kwenye kichwa cha Riziki, tukawavuta hadi Yungu. Mbuzi mmoja alizama. Mwenyewe alitulaumu hadi tunaagana, nami nilimpenda kwa lawama hizo, kwa sababu mtu anayelaumu ni mtu aliye hai.

Nilipomwoa Sifa, safari ya kwanza baada ya harusi niliulizwa nikajibu, "Sifa!" Papa Etabo akacheka mpaka akakohoa. Jioni tulipokunja kuingia ghuba nikaita jina la mke wangu, naye akajibu kwa kupiga makofi. Lakini kifuniko cha Mama Feza nacho kililia mara mbili, kama zamani. Nilipomuuliza alisema mkono umezoea. Uliendelea kuzoea mpaka mume wake alipostaafu.

Na alistaafu vizuri, kama mtu aliyengoja kwa hamu kukaa nyumbani. Alilima bustani ya lengalenga, mboga ya mchicha, akawasuka wajukuu. Kisha miaka ya vurugu ikatawanya nyumba yake. Riziki alivuka ziwa na watoto wake, yuko kambini Tanzania hadi leo. Kijana wake mmoja alifuata dhahabu Misisi, toka hapo akaenda Lubumbashi. Wakabaki wawili, yeye na Feza, na sufuria iliyozidi ukubwa. Mwaka jana Mama Feza akashikwa na homa, ikamlaza, haikumwinua. Nilibeba jeneza upande wa mbele. Papa Etabo hakulia mbele za watu. Alitundika kile kifuniko ukutani, pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi, akaacha kulima.

Sasa mnaijua ile sehemu mnayoipenda, maana baadhi yenu mlikuwepo. Mzee alianza kushindwa kukojoa. Alificha, kama wanaume wanavyoficha, mpaka nilipomkuta amejikunja sakafuni. Daktari wa hapa Baraka akamwekea mpira wa mkojo, akaniita pembeni, akasema apasuliwe Uvira, na mapema, la sivyo figo zitafuata. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Boti yetu ilikuwa inaenda Uvira kuchukua moteri mpya, na mkubwa wetu akakubali tumbebe. Hiyo ilikuwa safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Sifa alinipigia pasi sare mpaka ikasimama yenyewe.

Usukani ungekuwa wangu, na Muhoza angekuwa msaidizi. Kwa wasiomjua: Muhoza ni kijana wa milimani, kwao ni wafugaji, aliona ng'ombe miaka mingi kabla ya kuona ziwa. Nilipoanza kumfundisha, kuna watu walininong'oneza kwamba mtu wa kule juu hawezi kupewa maji yetu. Niliwajibu kwamba mimi pia nilitoka kwenye vilima na muhogo, na ziwa halikuuliza. Anayemngoja ni mama yake, Nyirabahire, huko juu ambako sauti ya boti haifiki, lakini humtaja kwa nguvu kana kwamba inafika.

Asubuhi ile mzee aliletwa kwa pikipiki, koti limefunika mfuko wa mkojo. Alitembea mwenyewe kwa fimbo hadi kwenye maji, akavua viatu, akavitundika shingoni. Akapapasa ubavu wa boti. Nilikuwa nimemwachia Muhoza kazi ya kuuliza, ili mzee aone imefika mikono gani. Nikajibu, "Sifa," na wengine wakajibu. Muhoza alipofika kwa mzee, akanitazama mimi.

"Uliza," Papa Etabo akamwambia. "Nani alikufundisha kuruka mutu?"

"Papa, nani anakungoja?"

Mzee akatazama kule nyumba zilipo. Halafu akasema, "Hakuna."

Na Muhoza, kijana wangu mwenyewe, akaondoa mkono kwenye moteri. Sikujua nimpige kofi au nimkumbatie.

"Umefundishwa muzuri," Papa Etabo akasema. Akageuka, akaanza kurudi nchi kavu. Hapo nikaelewa. Hakuja kusafiri. Alikuja kuaga boti, kisha arudi akafie chini ya kile kifuniko, na sheria yake mwenyewe imempa ruhusa.

Sifa alikuwa amesimama ukingoni kuniaga. Akamziba njia. "Papa, mi nitakungoja."

"Hapana, mwanangu."

"Juu ya nini? Mama Feza alingoja ninyi wawili."

"Ndiyo." Mzee akashika fimbo yake vizuri. Alisema polepole, na wauza ndakala waliokuwa wanapiga kelele wakanyamaza. "Siku za mwisho Feza aliniambia kitu. Aliniambia, 'Etabo, we ulinipa mutu wa pili wa kungoja, na mi nilimupenda, lakini haukujua uzito. Upepo ukivuma, roho inapasuka mara mbili. Nilikuwa nasimama kwa maji nasema, kama ni mmoja tu anarudi, ni nani?' Aliishi na hiyo miaka yote. Hakuniambia, juu ya aliogopa kijana atashushwa kwa boti." Akamgusa Sifa bega. "Bwana yako iko ndani ya ile boti. Umungoje yeye peke. Sitafanyia mama mwingine vile nilifanyia Feza."

Wauza ndakala wakapaza sauti, "Papa, sisi bote tutakungoja!"

"Bote," akasema, "ni kusema hakuna mutu."

Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya boti, upande wa nyuma, mkono kwenye usukani, na maneno ya Mama Feza yanazunguka kichwani. Miaka yote nilikuwa nasikia kifuniko kikilia mara mbili na kufurahi. Sikuwaza kamwe kilikuwa kinagongwa na mkono wa namna gani. Nikaruka. Maji yakajaa viatuni, sare ya pasi ikalowa mpaka kiunoni. "Muhoza," nikasema, "shika usukani."

"Shefu?"

"Shika." Nikamfikia mzee, nikasimama mbele yake. "Sifa hana mutu tena ndani ya boti. Mi sisafiri. Mi nitakungoja."

"Acha ujinga. Ni safari yako ya mwisho."

"Ndiyo."

"We unajua kungoja?"

"Sijui."

"Ni kazi mbaya sana, Alimasi."

"Feza aliifanya juu yangu. Sasa ni zamu yangu."

Mzee akashika kidevu kwa mkono, kukinyamazisha. Halafu akageuka tena kwenye maji, akanipa fimbo niibebe, akapanda. Muhoza akaanza upya, kama inavyotakiwa. "Papa, nani anakungoja?"

Mzee akajaza kifua. "Alimasi!"

Kamba ikavutwa. Boti ikaenda, nikabaki nimesimama kwenye maji na fimbo ya mtu mwingine, na ndivyo kazi yangu ilivyokwisha.

Vijana, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nilidhani ufuko ni mahali pa kurudi. Sikujua ni mahali pa kazi. Siku zile nilijua upepo kuliko nilivyowahi kuujua nikiwa usukanini. Nilikuwa naamka kusikiliza bati la nyumba. Simu ipo, mtasema. Muhoza alipiga akasema wamempasua, ameamka, anagombana na wauguzi, akanitajia na siku ya kurudi. Kisha mtandao ukapotea, na simu ikawa kitu cha kushika tu mkononi. Upepo wa kusini ukaja, nikashindwa kula. Sifa aliniangalia nikizunguka uani, akasema, "Sasa umejua." Nikamwambia pole, pole ya miaka yote. Akajibu, "Pole yako imekuja na boti ya mwisho kabisa, lakini imefika." Akanishika mkono, tukaketi hivyo.

Siku waliyosema wanarudi, nilikwenda kwa mzee, nikatungua kifuniko ukutani, nikapanguza vumbi. Nikamwambia Sifa asiguse jikoni. Nikasonga mwenyewe bukari, ugali wetu wa muhogo, nikapika ndakala kwa mawese, na Sifa akaziba mdomo kuzuia kicheko. Nikabeba vyote hadi majini, nikangoja. Jua likapita utosini, likaanza kushuka. Hakuna boti. Kila mtumbwi uliotokea ulinipandisha moyo na kuushusha.

Ndipo ikakunja kuingia ghuba. Niliitambua moteri kabla sijaiona, maana nilikuwa nimevua viatu, na mtetemo nadhani niliusikia kwenye mchanga, au nilijidanganya. Muhoza akapunguza mwendo. Kimya. Nilingoja, na katika kimya hicho nikafa mara kadhaa. Kisha sauti nyembamba, ya mtu aliyekondeana, ikavuka maji: "Alimasi!"

Niligonga kifuniko mpaka kikabonyea. Wauza ndakala wakapiga vigelegele, mbwa wakabweka, mimi nagonga tu na machozi yananitiririka, wala sikutafuta maji ya kuyasingizia. Wakamshusha mikononi. Amekuwa mdogo, koti linamzidi, viatu vimening'inia shingoni. Nikamkalisha juu ya bidoni, nikafunua sahani mapajani pake.

Akabonyeza bukari kwa kidole, akakunja uso. "Imepoa hii."

"Mulichelewa," nikamwambia. "Na mi sipashi chakula moto mara mbili."

Mzee akacheka, mkono tumboni juu ya mshono, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, cha sauti, mbele za watu wote, kile ambacho hakukilia mazikoni. Nilimshika mabega mpaka kikaisha. Akajifuta kwa kiganja, akavuta sahani karibu, akala ile bukari ya baridi, yote.